Ncha ya Pili

Asubuhi ile haikupambazuka, ilimwagwa. Bwana Kipimo, msimamizi wa ua wa madobi, alisimama kwenye roshani yake akainamisha karai, na mwanga wa kijivu ukateremka juu ya vichwa vya watu, ukajaa uani mpaka vifundoni. Ndivyo asubuhi zilivyokuwa zikiingia mahali pale. Huenda nje ya ukuta jua lilichomoza lenyewe kama lilivyofundishwa na Muumba wake, lakini ndani hakikuingia kitu bila idhini, na mwanga nao ni kitu. Kuna nyakati aliumwaga mara mbili, watu wakafanya kazi Jumatatu mbili mfululizo bila kuuliza Jumanne imekwenda wapi. Nani angeuliza? Mwenye karai ndiye mwenye kalenda.

Ua ule ulifua siku. Ndiyo, siku, usikunje uso, kwani hata hiyo uliyoivaa leo imefuliwa na mtu. Watu wa mji walizivaa siku zao tangu macheo hadi machweo, na jioni wakazileta langoni zimelowa jasho, zina madoa ya mchuzi na machozi na magomvi ya mume na mke, na kwapani zinanuka uongo. Madobi wakaziloweka, wakazisugua, wakazitia buluu na wanga, wakazipiga pasi, wakazikunja, na asubuhi kila mwenyewe akaja kuchukua yake akaivaa tena. Hakuna katika mji ule aliyewahi kuvaa siku mpya. Nguo moja tu ilikuwa ya wote, shuka pana kupita ua wenyewe, nayo iliitwa Kesho. Hiyo haikuwa na mwenyewe, na kwa hiyo ndiyo iliyofuliwa vibaya kuliko zote.

Dobi wa karai la mwisho, karibu na mtaro, alikuwa mwanamke aitwaye Sikudhani. Alipoingia kazini alikuja na rangi zake zote. Alikuwa mweusi wa kung'aa, kicheko chake kilitangulia mlangoni kabla yake, na alikuwa na tabia ya kuimba anaposugua, hata wateja wa nje ya lango wakawa wanajua kwa wimbo kama maji ya leo ni ya moto au ya baridi. Sasa alikuwa amechujuka. Akisimama mbele ya ukuta, mawe ya ukuta yalionekana kupitia kifuani mwake, na mjusi akipita nyuma yake ungemwona mpaka mkia. Jua halikumfanyia hayo, maana jua lilikuwa halifiki. Maneno ndiyo yaliyomfanyia.

“Njooni mumwone huyu!” Bwana Kipimo alizoea kuita kutoka roshani. “Nguo imemshinda, sabuni imemshinda, sijui kwao walimtuma kwetu kwa dhambi gani!”

Na ua mzima ukacheka. Machano, mpiga pasi wa meza ya karibu, ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Aliyecheka kidogo alitazamwa, na aliyetazamwa huenda kesho yake akachekwa yeye. Kwa hiyo walicheka huku wakichunguzana, kila mmoja akiamini kwamba wenzake wanacheka kwa moyo na ni yeye peke yake anayecheka kwa meno. Kila kicheko kilipoisha, Sikudhani alikuwa amepungukiwa na rangi moja. Na kicheko hakikuwa peke yake. Vibanio vyake vya nguo vilifichwa. Mkaa wake ulimwagiwa maji. Aliambiwa afue kwa maji baridi, kisha akakaripiwa mbele ya watu kwa nini hakufua kwa moto. Saa ya chai benchi lilijaa kabla hajafika, hata siku ambazo lilikuwa wazi.

Kosa lake lilikuwa swali. Lakini kabla ya swali ilikuwapo amri, na amri ile ilikuwa fupi: kila mtu na nguo yake. Tangu enzi za mabibi, shuka iliyolowa hukamuliwa na watu wawili. Huyu anashika ncha hii, yule anashika ile, huyu anasokota kulia na yule kushoto, na maji yanakimbia yenyewe. Mtoto wa dobi hujua hivyo kabla ya kujua jina la baba yake. Bwana Kipimo aliona uvivu katika jambo hilo. Alisema mikono minne kwenye nguo moja ni mikono miwili inayolala, na tangu hapo kumshikia mwenzio ncha kukahesabiwa kuwa ni kumwibia kazi.

Basi kila dobi akazua hila yake ya kukamua peke yake. Kuna aliyekanyaga ncha moja kwa kisigino, kuna aliyeing'ata kwa meno, kuna aliyeifunga kwenye bomba. Nguo hazikukauka. Kila mmoja, kwa aibu, aliweka chache kavu juu ya rundo na mbichi akazizika chini yake, akimwomba Mungu asijulikane. Mji mzima ukawa unavaa siku mbichi. Watu walikohoa tangu asubuhi, harusi zilinuka ukungu, watoto walizaliwa wakipiga chafya, na kila mtu akalaumu mawingu. Ni Sikudhani aliyesimama mbele ya roshani akauliza, kwa nia njema kabisa, “Bwana, kwa nini nguo zetu siku hizi hazikauki?”

“Zetu?” Bwana Kipimo alisema. “Za nani hizo? Za kwako ndizo hazikauki.”

Madobi wote wakatazama chini, kwenye marundo yao. Hapo ndipo alipoanza kuchujuka.

Nyuma ya ua, penye kivuli kisichohama, ilifungwa kamba nyeupe. Huko ndiko walikokwenda waliokwisha rangi. Desturi yake ilijulikana. Bwana Kipimo alimvua mtu aproni, akashika ncha moja, akamwita mmoja wa wenzake ashike ncha ya pili, wakaisokota mpaka tone la mwisho la rangi ya mtu yule likadondoka mtaroni. Mtu mwenyewe hakulia. Alinyooka, akawa mweupe, akawa mwepesi, akaanikwa, na jina lake likakoma kutajwa. Wa mwisho alikuwa Salme, aliyefulia karai lilelile la karibu na mtaro kabla ya Sikudhani. Ncha ya pili aliishika Machano. Aliporudi mezani pake alipiga pasi nguo moja mpaka ikaungua.

Asubuhi ile, basi, mwanga ulipokwisha kutulia vifundoni, Bwana Kipimo alishuka ngazi. Alikuwa hashuki ila kwa jambo. Nyuma yake aliiburuta Kesho, imelowa chapachapa, nzito kama ng'ombe aliyekufa, na alipofika kwenye karai la mwisho aliiachia miguuni pa Sikudhani.

“Ikamue,” alisema. “Peke yako. Lango likifunguliwa nataka iwe juu, kavu, watu waione.”

“Bwana, hii haibebwi na mtu mmoja.”

“Ndiyo maana nimekupa wewe. Hodari wa maswali atakosa nguvu ya majibu?” Akageukia ua. “Isipokauka, mnajua njia ya kamba nyeupe. Nitahitaji mtu wa ncha ya pili. Mjitayarishe.”

Wakacheka, kwa mazoea. Sikudhani akaitazama mikono yake, akaona vigae vya sakafu kupitia viganja. Akajiuliza moyoni:

Mimi ni nani, basi?

Ni yule aliyeingia hapa akiimba, au ni huyu ambaye mjusi anaonekana kupitia kwake?

Wote wanasema sifai. Mimi nasema nafaa. Wao ni wengi, mimi ni mmoja. Lakini tangu lini ukweli ukapigiwa kura?

Nimechoka. Hilo nalijua bila kuulizwa. Nimechoka mpaka kwenye kucha.

Wanasema mtu ni utu. Wanasema mtu ni watu. Mbona mimi nina utu na sina watu? Au mtu ni kama shuka, nusu yake iko mikononi mwake na nusu iko mikononi mwa mwingine, na huyo mwingine akiachia, hata ujikaze vipi utabaki mbichi?

Alishika ncha moja ya Kesho, akaikanyaga nyingine, akasokota. Kesho ikateleza chini ya kisigino chake ikampiga usoni. Alijaribu kwa meno, akaonja ladha yake, ambayo ilikuwa ya chumvi na ya chuma. Aliifunga kwenye bomba, na bomba likang'oka. Watu walicheka kila mara, lakini kila kicheko kilikuwa kifupi kuliko kilichopita, kwani hila zile walizijua. Zilikuwa zao. Kila mmoja alidhani ni yeye aliyezibuni, katika aibu ya peke yake, na sasa alikuwa akiziona zikimshinda mtu mwingine hadharani, moja baada ya nyingine. Ni vigumu kumcheka mtu aliyevaa aibu yako.

Sikudhani aliketi chini, kwenye maji. Ajabu ni kwamba hapo, alipokwisha kukata tamaa, woga wake nao ulikatika. Aliona wazi kwamba katika muda wote ule alikuwa amefanya kila kitu isipokuwa kimoja. Alikuwa amevumilia, amenyamaza, amejitahidi maradufu, amelia chooni, ameota ndoto ya kujibu na kuamka bila kujibu. Hakuwahi kuomba. Aliona haya kuomba, akidhani anayeomba anathibitisha yaliyosemwa juu yake. Akainua uso.

“Jamani,” alisema, na sauti ilikuwa yake, ileile ya nyimbo. “Imenishinda. Nishikieni ncha.”

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesogea pia. Mwanga wa kijivu ulisimama vifundoni pao kama maji ya bwawa, na pengine dakika ilipita, pengine Jumanne nzima iliyopotea ilirudi ikapita yote pale, maana katika ua ule wakati ulijipitia utakavyo. Kisha mwiko ukalia ndani ya sufuria. Aliyeuachia alikuwa Bi Chausiku, mpika wanga aliyekuwa naye na rundo lake la kufua, mwanamke mnene wa maneno machache, aliyechomwa na uji wa wanga mara nyingi hata mikono yake ilikuwa haisikii moto tena.

“Na mimi zangu hazikauki,” Bi Chausiku alisema.

“Umesemaje?” Bwana Kipimo aliuliza.

“Sijasema na wewe, Bwana. Nasema na huyu mwanangu.” Alikuwa tayari anatembea, anapangusa mikono kwenye kanga. “Sikudhani, mama, miye tangu hiyo amri nguo zangu mbichi. Zote. Naziweka chini ya rundo, kavu juu. Usiku silali. Nilidhani ni uzee.”

“Bi Chausiku, na wewe?” ilikuwa sauti ya mwanamume wa karai la katikati. “Mie nikajua ni mimi tu.”

“Na mimi.”

“Wallahi na mimi.”

Sasa hayo yalikuwa maneno madogo sana. Hayakuwa hotuba, hayakuwa mapinduzi. Lakini rundo la kwanza likapinduliwa, na la pili, na ua mzima ukanuka ukungu wa nguo zilizofichwa, na watu wakatazamana kama ndugu waliopotezana sokoni wakiwa wadogo. Kumbe! Kila mmoja alikuwa amefungwa katika chumba chake cha aibu, na vyumba vyote vilikuwa chumba kimoja. Hasira iliwapanda, na furaha ikapanda juu ya hasira. Hata mimi ninayesimulia, nikifika hapa huwa nasimama kidogo nicheke.

Bi Chausiku aliinama akashika ncha ya pili ya Kesho. “Haya, mwanangu. Wewe kulia, mimi kushoto. Umesahau?”

“Sijasahau.”

“Kila mtu na nguo yake!” Bwana Kipimo alipiga kelele.

“Ndiyo hii, Bwana,” alisema yule wa karai la katikati, naye akashika upindo. “Hii ni yetu sote. Hujatukataza yetu sote.”

Wakashika. Waliokuwa upande wa Sikudhani walisokota kulia, waliokuwa upande wa Bi Chausiku walisokota kushoto, na Kesho ikajikunja katikati yao ikalia kwa sauti ya kamba ya ndoo kisimani. Maji yakatoka. Kwanza yalitoka ya kijivu, kisha yakatoka maneno. Watu waliyasikia yakidondoka vigaeni: sifai, mvivu, hodari wa maswali, sijui kwao walimtuma kwa dhambi gani, yote yaliyowahi kutemwa katika ua ule na kunyonywa na nguo ya watu wote. Yalitiririka mtaroni yakapiga kelele na kunyamaza. Sikudhani alianza kuimba bila kukusudia. Aliimba wimbo wa maji ya baridi, na waliomjua zamani wakaitikia, na waliomjua kwa kumcheka tu wakajifunza kiitikio papo hapo.

Shuka iliyokamuliwa ni nyepesi, hilo halihitaji falsafa. Walileta miti mirefu ya kuinulia kamba wakaipandisha Kesho juu, juu ya meza, juu ya roshani, mpaka ikavuka ukuta. Na huko juu, ambako tangu amri ile hakuna nguo iliyofika kwa sababu hakuna nguo iliyokuwa nyepesi kiasi hicho, Kesho ikakutana na jua. Jua lenyewe, lisilo na karai. Liliiwakia ikawa nyeupe ya kuumiza macho, upepo ukaishika ikapiga makofi, na mwanga wake ukaanguka uani, wa manjano, wa moto. Watu waliangalia mikono yao. Walikuwa wamesahau kwamba wana vivuli.

Sikudhani alisimama katikati ya mwanga ule. Mjusi alipita nyuma yake ukutani, na hakuna aliyemwona.

Bwana Kipimo alimwendea. Uso wake ulikuwa umetulia, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwani mtu wa aina yake akipiga kelele bado anajadiliana nawe. Akamfungua aproni kiunoni kwa mkono mmoja, taratibu, kama mtu anayemenya ndizi, akaishika ncha.

“Machano,” aliita. “Ncha ya pili.”

Nyimbo zikakatika. Machano alikuja. Miguu yake ilimleta kabla hajaiamuru, kama ilivyomleta siku ile ya Salme, na alipofika mbele ya aproni ile alinyoosha mkono. Sikudhani alimtazama. Hakumlaumu kwa macho, hakumsihi pia. Alimtazama kama unavyomtazama mtu unayetaka kujua ni nani.

Mkono wa Machano ulibaki hewani. Na yule mcheka kwa sauti kuliko wote akalia kwa sauti kuliko wote, mbele ya watu, kamasi zikimtoka.

“Siwezi,” alisema. “Yule dada nilimkamua. Namsikia mpaka leo kwenye viganja. Siwezi tena, Bwana. Tafuta mwingine.”

“Nitakuanika wewe kwanza.”

“Nianike. Lakini na mimi utanianika na nani?”

Basi hapo, msomaji, ndipo swali lililoutesa ua ule kwa miaka lilipojibiwa, na aliyelijibu hakuwa mwenye hekima, alikuwa mpiga pasi mwenye kamasi. Nguvu ya Bwana Kipimo ilikuwa wapi siku zote? Haikuwa kwenye roshani, wala kwenye karai. Ilikuwa kwenye mkono wa mtu wa pili. Hata kumwangamiza mtu ilikuwa kazi ya watu wawili, na mmoja kati ya hao wawili siku zote alikuwa ni mmoja wa watu wa ua wenyewe.

Bwana Kipimo aliita wa karai la katikati. Hakuja. Aliita mchochea mkaa, aliita mkunjaji, aliita Bi Chausiku, ambaye alicheka kwa pumzi moja ya puani. Msimamizi akaifunga ncha ya pili ya aproni kwenye nguzo akaanza kusokota peke yake, kwa hila ya bomba. Alisokota kwa nguvu, kisha kwa hasira, na kwa kuwa nguzo haisokotiki, aliyesokoteka ni yeye. Aproni ilimzunguka mkono, ikamzunguka bega, ikamvuta mpaka pua yake ikagusana na nguzo. Kicheko kikaanza mahali fulani nyuma.

“Msicheke,” Sikudhani alisema.

Kikazima. Akaenda akaifungua ncha ile, akamwachia msimamizi mkono wake, akaikung'uta aproni yake akaifunga tena kiunoni. Bwana Kipimo alipanda ngazi hadi roshani, akachukua karai, akaumwaga mwanga wake wote wa kijivu kwa mara moja. Ulimezwa na jua kabla haujafika chini, kama chumvi ndani ya sufuria ya wali. Alibaki ameshika karai tupu. Hakuna aliyeendelea kumtazama, kwani kulikuwa na kazi, na watu walikuwa wameshakwenda wawiliwawili kwenye kamba nyeupe na ndoo za maji ya uvuguvugu, kuwaloweka waliochujuka waone kama rangi inarudi. Kwa Salme walisubiri sana. Kisha Machano, aliyeshika ndoo, alipiga yowe, na Bi Chausiku akapiga kigelegele kilichowafanya kunguru wa ukutani waruke wote.

Lango likafunguliwa. Nje foleni ilikuwa ndefu, watu wamejikunyata ndani ya siku zao mbichi, wanakohoa. Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni. Aliipokea sehemu yake ya Kesho, iliyoteremshwa kutoka kambani mpaka langoni, akaipeleka shavuni kwa mazoea ya kujiandaa kwa ubaridi, na akaiacha pale shavuni. Akamgeuza mtoto, akamfunika nayo. Mtoto hakupiga chafya.

“Imekauka,” mama alisema, polepole, asije akaiharibu kwa kuisema. Macho yake yalipanda roshani, ambako kwa desturi ndiko kulikotoka jibu la swali alilotaka kuuliza, kisha yakashuka. “Nani kaifua hii?”

Madobi walisukumana. Hakuna aliyewahi kuulizwa. Sikudhani alifuta mikono, akasogea mpaka kizingitini, akakohoa kidogo kusafisha koo, akaanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, bila haraka, na foleni yote ikasimama juani kusikiliza.